HEWA KATIKA BREKI



Neno la mwezi huu ni Zaburi 32:3-5 na Yakobo 5:16. Someni nyumbani kabla ya kuendelea, maana hapa tutasema sana habari za gari.

Mnalifahamu gari la kanisa, ile Land Cruiser ya zamani inayopeleka wagonjwa Mbarara. Mwezi uliopita mmoja wetu, sisi wawili tunaoandika, alibadilisha silinda ya breki ya gurudumu la nyuma. Alifanya peke yake, kwa sababu tutakayoieleza. Mafuta ya breki yakamwishia kwenye kikopo chake, hewa ikaingia. Akapiga-piga pedeli, ikawa ngumu, akaridhika. Kesho yake, mama mjamzito akiwa ndani, kwenye mteremko mguu wa dereva ukazama hadi sakafuni. Akapiga-piga mara tatu, mara nne, ikashika. Mungu ni mwema, tulipona. Lakini hebu tutazame kilichotokea.

Mafuta ya breki hayabanwi yakapungua. Ukiyasukuma huku, yanasukuma kule kwenye gurudumu. Hewa hubanwa kama sponji. Nguvu yote ya mguu inaishia kuibana hewa, na gurudumu halipati kitu. Kwa nje gari ni zima, limeoshwa, honi inalia. Ukipiga-piga pedeli haraka haraka inakuwa ngumu, nawe unadhani limepona. Iache kidogo, inalegea tena.

Wapendwa, wengi wetu tunaishi kwa kupiga-piga pedeli. Yupo baba aliyebeba chuki tangu Fizi, chuki ya jirani aliyewaonyesha adui nyumba yake. Hajawahi kumwambia mtu. Kila kesha analia na kuruka, asubuhi yuko imara. Jumatano mke wake anauliza habari ya sabuni, naye anafoka hadi watoto wanakimbilia nje. Hatusemi makesha ni mabaya, sisi wenyewe tunayaongoza. Tunasema hayatoi peke yake hewa iliyofungiwa ndani. Daudi anashuhudia kwamba alipokaa kimya mwili wake uliisha nguvu, na alipolisema kosa lake mbele za Mungu alisamehewa.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anaketi kwenye usukani, mwingine analala chini na spana. Mpira mwembamba unachomekwa kwenye nipo ya gurudumu, ncha ya pili inazamishwa katika chupa yenye mafuta ya breki. Wa chini anaita, "Kanyaga!" Wa juu anakanyaga polepole, anaitika, "Nimeshika!" Ndipo nipo inafunguliwa kidogo, hewa inatoka ikibubujika, nipo inafungwa. "Achia!" Wa juu akiachia kabla nipo haijafungwa, hewa inavutwa kurudi ndani.

Yakobo anatufundisha kuungamiana, na anayesikia naye ana kazi yake, kazi ya kushika. Dada akikufungulia moyo, nawe ukakimbilia bombani kuyasimulia, umeachia pedeli. Na yale mafuta machafu ya chupani hayarudishwi kwenye kikopo. Hujazwa mapya, tena mara kwa mara, la sivyo mnaanza upya.

Sasa la kwetu. Wengi mlijua kwamba sisi wawili hatukusalimiana tangu ugomvi wa mabati ya kanisa. Ndiyo maana mwenzetu alifanya kazi peke yake. Baada ya ile hatari hatukuwa na njia nyingine, mgonjwa alisubiri safari ya Alhamisi. Tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukaanza na lililo mbali zaidi na masta silinda, nyuma kushoto, tukamaliza yote manne. Maneno yetu yalikuwa hayo tu: kanyaga, nimeshika, achia. Bado pedeli ililegea. Ndipo tukakumbuka kwamba gari hili lina kifaa juu ya ekseli ya nyuma, kinachogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo, nacho kina nipo yake. Hewa ilikuwa imejificha pale.

Wa chini akafungua. Akakaa kimya, kisha akasema, "Yale mabati, mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba umeyauza. Sikuwa na hakika."

Wa juu hakujibu upesi. Mguu wake ulikuwa bado umekanyaga. Akasema, "Funga kwanza."

Baadaye naye alisema la kwake, ambalo hatutaliandika hapa.

Pedeli sasa ni ngumu. La mabati halijaisha, maana waliosikia uongo ule bado hawajaambiwa ukweli. Jumamosi, baada ya maombi ya asubuhi, tutasimama sote wawili mbele ya kanisa. Njoni, hasa ninyi mliosikia. Tunayo pia chupa moja ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa. Mwenye gari lenye pedeli laini alilete tumsaidie, ila aje na mtu wa kumkanyagia.

Ndugu zenu katika Kristo,
Wazee wawili wa kanisa