Kalamu ya Mama

Saa hii mama wa Minago, au popote mwambaoni Rumonge, anayeanika ndagala, mtoto mgongoni, huenda akajiuliza kama mwenye dhiki ana wasaa wa kuandika. Na tumkumbuke Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye mnamo mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka wa Siu aliyefariki miaka miwili kabla, na maradhi yakizidi kumdhoofisha, alimtungia binti yake utenzi wa wosia unaosomwa hata leo. Hakungoja afya. Basi mama, daftari la hesabu ya samaki lina kurasa tupu nyuma: andika humo, ijapokuwa mistari miwili, nawe baba, mpokee mtoto.