Matokeo ya Mwanafunzi ni ya Nani?



Leo tunaleta swali lililoisumbua kamati yetu ya elimu. Kwa sadaka zenu, kanisa linamlipia binti yetu mmoja karo ya chuo kikuu. Muhula ulipokwisha, tulikwenda chuoni kuomba matokeo yake ili tuyasome mbele ya kusanyiko. Ofisi ilikataa. Ilitaka kwanza barua ya kibali yenye sahihi yake. Tulirudi tumekasirika, tukisema: je, anayelipa hana haki ya kuona?

Tulipotulia, tuliona kwamba ofisi haikukosa. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 27, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inadai ridhaa ya mwenyewe kabla habari zake hazijatumiwa, isipokuwa katika hali zilizotajwa humo. Ndugu zetu waliohamia Marekani wamelikuta jambo hilo pia. Huko, tangu sheria ya 1974, mtoto akifikisha miaka 18 au akiingia chuo, haki juu ya kumbukumbu zake za masomo hutoka kwa wazazi na kuwa yake.

Sisi wakimbizi tungepaswa kuelewa upesi kuliko wengine. Kila mmoja wetu ana faili. Ndani yake mna mambo tuliyomweleza afisa, ambayo hata jirani hatukumwambia. Je, tungekubali lisomwe kanisani kwa sababu tu wafadhili ndio wanaotoa chakula? Hasha. Anayesaidia hanunui siri za anayesaidiwa.

Hata hivyo, sadaka ni amana. Mama aliyeuza mboga akatoa shilingi elfu mbili ana haki ya kujua kwamba hazikupotea. Kwa hiyo tumetenganisha mambo mawili. Kanisa lina haki ya kujua kama karo imelipwa na kama mwanafunzi anaendelea. Alama za kila somo, na sababu za kupanda au kushuka kwake, ni zake mwenyewe. Tangu sasa tutapatana na kila mwanafunzi kwa maandishi kabla ya kulipa, ili ajue tutauliza nini na nani atajibiwa.

Bwana Yesu, katika Mathayo 18, anatufundisha kumwendea ndugu faraghani kwanza. Tulifanya hivyo, ingawa tulichelewa. Tulimwomba binti msamaha, kisha akatuletea karatasi yake kwa mkono wake mwenyewe. Yaliyomo hatuyaandiki hapa. Tunaloweza kusema, naye amekubali tuliseme, ni kwamba anaendelea na masomo, na sadaka zenu zimefika.

Wazazi, nanyi mkaulize watoto wenu nyumbani, si mbele ya wageni. Bwana awabariki.