Sanamu za Wahenga na Juma la Sanaa

Iwapo watu wa Moba, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, wataazimia kutenga juma zima kwa ngoma, hadithi na uchongaji, swali litakalowakabili, kabla hata ya lile la gharama, ni hili: je, kitu kilichofanywa kwa ajili ya ibada chaweza kutazamwa kwa furaha ya macho tu? Watabwa, watu wa eneo hilo, walichonga mipasi, sanamu za wahenga wao, ili kuwakumbuka na kuwaomba marehemu. Na ile ya mtemi wao mmoja, Lusinga, aliyeuawa mwaka 1884 katika shambulio lililoamriwa na Emile Storms, Mbelgiji aliyekaa katika kituo cha Mpala, ilichukuliwa ngawira, na hatimaye ikaingia katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.

Wako waumini, nami nawastahi, wanaohofu kwamba kuhudhuria juma hilo ni shirki. Naona wamechanganya taadhima na ibada, maana mtu aweza kuheshimu fikra za wazee wake bila kuiacha imani yake: Stefano Kaoze, aliyepewa upadre mwaka 1917 Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, akawa padre wa kwanza Mkongo wa zama hizi, aliandika kwa bidii juu ya fikra za Wabantu, naye akabaki padre hadi kufa kwake. Basi waende, wakamwulize mzee sanamu ilifanyiwa nini. Na ile ya Lusinga, kwa haki, irudishwe.