Mashahidi wa Tarehe 4 Januari

Kila mwaka, tarehe 4 Januari, kazi husimama katika Kongo nzima ili kuwakumbuka Mashahidi wa Uhuru. Lakini wakatekumeni wamefundishwa kwamba shahidi ni mtu aliyeambiwa, «Ikane dini yako au ufe», naye akakubali kufa. Basi huulizana: watu wale wa Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, walichagua nini?

Swali hilo si la utovu wa heshima. Jumapili ile ya mwaka 1959 watu walikusanyika kwa mkutano wa chama cha ABAKO, nao wakubwa wa mji walikuwa hawakutoa ruhusa. Kasa-Vubu mwenyewe aliwaambia warudi nyumbani, wengi hawakurudi. Watazamaji wa mpira wakatoka uwanjani, wakachanganyika nao. Mawe yakatupwa, maduka yakavunjwa, hata misioni na shule hazikusalimika. Askari wakapiga bunduki. Serikali ya Wabelgiji ilihesabu Waafrika waliokufa kuwa karibu 50. Wengine husema walizidi sana. Siku tisa baadaye Mfalme Baudouin aliahidi uhuru, nao ukaja tarehe 30 Juni 1960. Wafu hao hawakuuona.

Siku saba tu kabla ya ukumbusho huo, tarehe 28 Desemba, Kanisa huadhimisha watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Hao hawakuungama neno lolote, maana wengine walikuwa hawajajua hata kusema. Walakini huitwa mashahidi, kwa kuwa waliuawa kwa ajili ya Yule aliyetafutwa. Kumbe mtu aweza kuheshimiwa kwa ajili ya jambo lililomwua, hata kama hakulichagua.

Hata hivyo, wale wa Léopoldville hawakuwa wote watoto wasio na kosa. Huenda mmoja alidai haki kwa moyo safi, wa pili alibeba mali ya dukani, wa tatu alikuwa akirudi tu kutoka mpirani. Kuwaheshimu si kusema kwamba wizi ulikuwa wema; wizi ni dhambi siku ya uhuru kama siku nyingine yoyote. Ila mwenye kuiba gunia la chumvi alipaswa kurudisha gunia, na kuadhibiwa kwa sheria. Hakupaswa kupigwa risasi barabarani. Na wote wanaopumzika siku hiyo, walimu, wakulima, hata mahakimu, wanapumzika kwa sababu yake pia.