Mtumbwi Kwanza, Mzigo Baadaye

Ndugu msikilizaji wa Lubumbashi, samaki uliyemla jana jioni kwa bukari huenda alitoka Kasenga, kwenye mto Luapula, au Kilwa, kando ya ziwa Moero. Tangu enzi za ukoloni, mji huu ulipoitwa Elisabethville, samaki wa huko wamewalisha wafanyakazi wa migodi.

Leo tumtazame mvuvi aliye peke yake ufukoni, kabla jua halijachomoza. Mtumbwi wake ni mzito kuliko yeye. Hausukumi kwa pupa. Anatanguliza magogo ya mviringo chini yake, anasukuma hatua chache, anapumua. Gogo lililobaki nyuma analihamishia mbele. Polepole, ncha ya mtumbwi inagusa maji.

Na mzigo je? Bado uko mchangani. Akiupakia mapema, mtumbwi hautasogea. Ukishaelea ndipo anapopakia: wavu, kasia, kopo la kutolea maji. Vitu vizito anaviweka chini, katikati, chombo kisije kikalalia upande.

Ndugu yangu, wengi wetu huamka tumeshajipakia kila kitu: kodi ya nyumba, pesa za shule za watoto, deni la jirani. Kisha tunashangaa mbona siku haisogei. Asubuhi hii, sukuma kwanza jambo moja mpaka lielee. Mengine yapakie baadaye, moja moja. Na ukimwona mwenzako anasukuma peke yake, ongeza bega lako.