Mizani ya Mwajiri

Wazee wetu walisema, kifo cha wengi harusi. Maana yake, msiba unaowapata watu wengi kwa pamoja huonekana mwepesi. Lakini katika wingi huo dhuluma nayo hupata pa kujificha. Mwajiri akimwachisha kazi mwanamke mmoja kwa kuwa ana mimba, watu watamlaumu. Akiwaachisha thelathini siku moja, huyo akiwa miongoni mwao, nani atauliza?

Ndiyo sababu sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haikumwachia mwajiri hiari yote. Apunguzapo wafanyakazi walio wanachama wa chama chao, yampasa kukiarifu chama hicho na ofisa wa kazi mwezi mmoja kabla, akieleza sababu. Katika kuchagua, azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Aondokaye alipwe mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Tena mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, wala uanachama wa chama cha wafanyakazi.

Huenda msomaji akasema: huu ni upendeleo, kwani mama huyo akibaki, baba wa watoto watano ataondoka badala yake. Neno hili ni zito. Lakini sheria haikusema kwamba mwenye mimba asiguswe kamwe. Karakana yake ikifungwa yote, naye huenda akaondoka pamoja na wenzake. Linalokatazwa ni mimba yenyewe kutiwa katika mizani.

Hapa ndipo penye mtihani. Mwajiri mjanja hataandika neno "mimba", ataandika "mahudhurio". Atahesabu siku ambazo kila mtu alikuwapo kazini, na ile miezi mitatu ya likizo ya uzazi, ambayo ni haki, itageuka kuwa hatia. Hesabu yake itakuwa sahihi, na hukumu yake itakuwa dhuluma.

Kwa hiyo haitoshi mwajiri kusema kwamba hana chuki moyoni. Wajibu wake ni kuikagua mizani kabla ya kupima watu, na kuionyesha hadharani aulizwapo. Sheria humtaka yeye athibitishe sababu zake, na hilo ni haki, kwa maana daftari zote zimo mikononi mwake. Nawe kijana, ukipewa siku moja madaraka juu ya riziki za wengine, usiridhike kwamba umehesabu vema. Jiulize kwanza umehesabu nini.