Wino Katika Nguo ya Mwenye Kuuzwa

Watu wengi hudhani ya kuwa ghishi ni uwongo wa ulimi tu. Muuzaji akisema maziwa haya hayana maji, na maji yamo, huyo ndiye mwenye ghishi. Asiposema neno, basi hana makosa. Lakini mafakihi tangu zamani wameijua ghishi isiyokuwa na neno hata moja. Mwenye kumfunga mbuzi chuchu siku mbili tatu asikamwe, hata kiwele kikajaa, kisha akampeleka sokoni, huyo hakusema uwongo. Kiwele ndicho kilichosema. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alilikataza jambo hilo, akampa mnunuzi hiari ya kumregesha mnyama pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyakama.

Kadhalika najshi. Mtu asiyetaka kununua husimama mnadani akaongeza bei, ili mwenziwe adhani ya kuwa kitu kile kina watu wakitakao. Hakukisifu kitu, ameonyesha hamu asiyokuwa nayo, na hamu ya watu huambukiza kama upele.

Najshi ndiyo iliyofanywa New York siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1929. Zama hizo ilikuwa aibu Marekani mwanamke kuvuta sigara barabarani, na wauza tumbaku waliiona aibu hiyo kuwa ni hasara kwao. Edward Bernays, aliyekuwa akilipwa na American Tobacco Company, akapanga wanawake vijana wapite Fifth Avenue katikati ya watu wa sikukuu, wawashe sigara, nazo ziitwe mienge ya uhuru. Magazeti yakaliandika jambo lile kuwa ni habari, si tangazo. Hapana aliyeambiwa nunua. Watu waliwaona wanawake wanaotaka haki yao, wasimwone dalali aliye nyuma ya pazia. Naye mwenyewe alikisimulia kisa hicho katika kitabu cha maisha yake, mwaka 1965. Na itazamwe vema hila yake: haki, ambayo ni kitu kingine kabisa, imefungwa furushi moja na tumbaku, hata mwenye kuipenda haki akajikuta ameinunua tumbaku.

Hapa pana mas-ala magumu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, asema katika Minhaj ya kuwa aliyenunua kwa najshi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hana hiari ya kuregesha. Mwenye najshi ana dhambi yake, lakini mnunuzi naye amefanya uzembe, kwani angeweza kuwauliza wajuzi wa bei. Na katika kitabu hicho umo mfano wa ajabu: mtumwa auzwaye, nguo yake imepakwa wino ili adhaniwe kuwa ni mwandishi. Hapo pia, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, mnunuzi hana hiari. Angempa kalamu aandike! Zama za kuuza watu zimepita, alhamdulillahi, ila sababu ya hukumu imebaki: mnunuzi alikuwa na njia ya kujaribu, asijaribu.

Je, tangazo la sigara ni wino katika nguo, au ni kiwele kilichofungwa? Mwaka 1946 kampuni ya R. J. Reynolds ilianza kutangaza sigara za Camel kwa picha ya daktari, ikidai ya kuwa madaktari wazivutao ni wengi kuliko wavutao sigara nyingine yoyote. Udaktari ule ndio wino. Atakayesema mvutaji naye angeuliza, na aambiwe: amwulize nani, ilhali wa kuulizwa ndiye aliyechorwa? Tena mwenye kumnunua mwandishi ana kalamu ya kumjaribia. Mwenye kununua sigara hana cha kulijaribia pafu lake, kwani ugonjwa huja baada ya miaka mingi.

Kisha hila ikazidi. Tarehe 4 Januari 1954, uchunguzi ulipokwisha kuihusisha sigara na saratani ya mapafu, makampuni yalitangaza katika magazeti zaidi ya 400 ya Marekani ya kuwa afya ya watu kwao ni mbele ya biashara. Mwaka 2006 hakimu Gladys Kessler, huko Washington, akahukumu ya kuwa makampuni yale yaliwadanganya watu kwa miaka mingi juu ya madhara waliyoyajua. Huyo si mpaka wino tena. Ni mwenye kuificha aibu ya mali naye aijua, na aliyefichwa aibu ana hiari bila ya shaka. Ila pafu haliregeshwi dukani.

Leo najshi imehamia katika simu, ambako sifa na hesabu ya wapenzi hununuliwa kwa fedha. Na wino nao haukukosa njia ya kufika pwani: chupa ya mafuta ya habasoda hutiwa picha ya mzee mwenye kilemba na tasbihi, wala haikuandikwa ni nani aliyeyapima mafuta yale. Mnunuzi wa chupa hiyo kalamu anayo. Na aulize imekamuliwa wapi, na nani aliyeipima. Akijibiwa kwa kuonyeshwa kilemba mara ya pili, amekwisha jibiwa.